Nimekuuliza dini, si tabia

Muuguzi wa zahanati ile ya Kigoma alikuwa na kalamu mbili, moja nyuma ya sikio na nyingine mkononi, na foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni. Ilikuwa mwaka 1991. Nilikuwa na miaka 17, malaria imenipandia njiani, baba amenishika bega nisianguke. Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Uvira, yeye akifuata vitenge, mimi nikifuata tu kuiona ng'ambo.

"Jina?" Nikasema. "Umri?" Nikasema. "Dini?"

"Mungwana."

Akainua uso. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili.

"Mdogo wangu, nimekuuliza dini, si tabia. Huo uungwana tutauona wenyewe."

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja nyuma yetu akaongeza, wala si kwa ubaya, "Muungwana ni kitendo, mwanangu, hajitangazi." Baba akasema haraka, "Mwislamu, andika Mwislamu," na kwa wao mambo yakaishia hapo. Homa yangu ilishuka siku ya tatu. Aibu nilivuka nayo ziwa tena.

Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika miaka niliyokua, neno hilo halikuwa na fumbo lolote. Mungwana ni mtu wa msikiti. Anafunga Ramadhani, hali nguruwe, anazika wafu wake siku hiyohiyo bila jeneza, na ukimuuliza wazee wake walitoka wapi atakwambia Kasongo, Nyangwe au Kindu, miji ya Maniema. Ukisikia "ule muzee ni mungwana", hakuna aliyekuwa anafikiria adabu ya mzee huyo. Mtu aliweza kuwa mungwana na mlevi. Nimewajua wawili wa namna hiyo, na mmoja alikuwa mjomba wangu mwenyewe.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alitoka Kasongo wakati Maniema ilikuwa bado ndani ya mkoa mmoja mkubwa wa Kivu, kabla haijakatwa vipande vitatu mwaka 1988, na mtu wa Maniema aliyetafuta karatasi, shule au wateja alipanda kuja Bukavu kwa sababu ndiko yalikokuwa makao ya mkoa. Tulikaa Kadutu, mwendo mfupi kutoka sokoni, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha sana kila mtu analala jicho moja wazi. Nyumba ya juu yetu ilikuwa ya Wakatoliki, ya chini ilikuwa ya mchungaji. Baina yao, sisi.

Jina letu mtaani lilikuwa la kazi kuliko la imani. Jirani akiwa na arusi, ubatizo au kilio, mtoto alitumwa mbio: "Mama anasema mungwana akuje kuchinja." Baba aliacha cherehani, akachukua kisu chake kilichofungwa kwenye gazeti, akaenda kumwelekeza mbuzi kibla na kutaja jina la Mungu. Walimwita ili na sisi tuweze kula, basi. Hakuna kikao kilichowahi kukaa juu ya jambo hilo, wala sikuwahi kusikia mtu akilitolea hotuba. Siku ya Noeli baba alikuwa na shughuli nyingi kuliko padri, akirudi jioni na vipande vya nyama kutoka nyumba sita au saba, na mama akilalamika kuhusu damu kwenye suruali.

Shule niliyosoma ilikuwa ya Wakatoliki, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Siku ya kwanza ya mwaka mwalimu alipita na daftari lake: "Bakatolike baketi. Baprotestanti bainue mukono. Bangwana basimame." Tulikuwa watatu katika darasa la watoto zaidi ya arobaini. Saa ya katekisimu tulikaa nyuma na ruhusa ya kuchora. Mtoto anayechora hajaziba masikio, kwa hiyo Salamu Maria niliijua kwa moyo kabla ya wengi waliokuwa wakiisomea Komunyo. Nilichokisikia kule nyuma kilinishangaza. Sala. Roho. Dhambi. Malaika. Shetani. Dini. Yalikuwa maneno yaleyale ya bibi yangu kwenye mkeka wake alfajiri, yote yenye asili ya Kiarabu, na sasa yanatoka kinywani mwa mtawa aliyevaa msalaba.

Nilipomsimulia Koko, ndivyo tulivyomwita bibi huyo, alicheka hadi akashika mbavu. Alijua kitu ambacho mimi sikukijua bado. Lugha tunayoisema kuanzia Bunia hadi Uvira, wamisionari wa zamani waliiita Kingwana, yaani lugha ya wangwana. Waliiandikia vitabu vya kujifunzia, wakaihubiria, wakaitafsiria Maandiko. "Basi padri wenu kila Jumapili anasema kingwana," Koko alisema, "na bado hawatupi sadaka!"

(Koko alisema "wangwana", kwa *wa*, kama wanavyosema watu wa Kasongo ambao Kiswahili chao kimebaki karibu na cha pwani. Sisi watoto wa Kadutu tulisema "bangwana". Kwa herufi hiyo moja alikuwa akitutambua kwamba tumeharibika.)

Kuna swali moja la Bukavu ambalo lazima nilitaje hapa, maana ndilo linalofanya kazi ya neno "dini" katika mazungumzo ya kila siku: "Unasaliaka wapi?" Huulizwi unaamini nini. Unaulizwa miguu yako inakwenda wapi Jumapili. Jibu huwa ni mahali, au herufi za jina la kanisa: "ku CEPAC", "ku CELPA", "ku katedrale". Mtu wa CEPAC ni Mpentekoste, lakini kwenye karatasi anaandika Mprotestanti, kwa sababu jumuiya yake ni ya nane katika orodha ya Kanisa la Kristo la Kongo, mwavuli wa Waprotestanti; na yule anayesali kwenye kanisa la uamsho lililofunguliwa mwaka juzi katika chumba cha kupanga atakwambia yeye ni mkristo tu, kisha jirani yake Mkatoliki atakunja uso, akijiuliza yeye basi ni nini. Mimi nikijibu "ku musikiti", mara nyingi mazungumzo hukatika kidogo, kama gari lililokuta shimo. Halafu yanaendelea.

Darasa la historia lilikuwa jambo jingine. Nilikuwa sekondari, mwaka mmoja kabla ya safari ya Kigoma. Mwalimu alifika kwenye sura ya utumwa, akaandika ubaoni Nyangwe, Kasongo, na jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar. Akaeleza jinsi majeshi ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, chini ya afisa wake Dhanis yalivyoiteka Nyangwe na kisha Kasongo mwaka 1893, na jinsi watu wetu walivyokombolewa. Hakusema kwamba mwaka 1887 Leopold huyohuyo alimfanya Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Sidhani alificha, naona kitabu chake hakikuwa na ukurasa huo. Aliposema "bangwana walikuwa wanakamata watu", shingo za darasa zima ziligeuka kunitazama. Nilitazama dawati langu, nikasoma jina lililochongwa pale na mwanafunzi wa miaka iliyopita, nikalisoma tena na tena.

Rafiki yangu wa dawati alikuwa Mrega, wazee wake wa Shabunda. Tulipotoka hakunicheka. Aliniambia tu kwamba kwao, bibi yake akitaka kumnyamazisha mtoto usiku, alisema: "Nyamaza, bangwana watasikia." Akaniuliza kama nilijua. Sikujua. Tuliendelea kutembea kuelekea Nyawera, tukanunua karanga, tukala kimya. Nimefikiri baadaye kwamba ule ulikuwa urafiki wa kweli, maana angeweza kunificha.

Kwa hiyo niliporudi kutoka Kigoma nilikuwa na majeraha mawili ya neno moja. Darasani lilinifanya mjukuu wa wakamata watu. Kigoma lilinifanya msichana mjinga anayejisifu mbele ya foleni. Na wakati huohuo madrasani kwetu alikuwa amekuja ustadhi kijana, amesoma ng'ambo, sauti nzuri, kanzu isiyo na kunyanzi hata moja. Alikuwa hapendi neno hilo. "Tafuteni mungwana ndani ya Qur'ani," alituambia, "hamtalipata." Akatusomea aya ya Suratul Hajj isemayo kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewaita Waislamu tangu zamani. Mwislamu, alisema, ni aliyejisalimisha kwa Mungu. Hilo ni jina la dini. Mengine ni majina ya misafara na biashara.

Alikuwa na haki, na bado naona alikuwa na haki. Ila ukweli mkononi mwa mtu wa miaka 17 mwenye aibu ni kama kisu cha baba bila lile gazeti.

Jumamosi moja baada ya hitima ya jamaa yetu, wageni walikaa barazani kwa Koko, wazee watano au sita, akina mama ndani. Koko akimimina chai alikuwa anasimulia jambo, akaanza, "Sisi wangwana hatulali na deni la..." Nikamkata.

"Koko, usiseme wangwana. Hakuna dini ya namna ile. Sema Waislamu. Huko ng'ambo wanatucheka."

Hakuna aliyesema kitu. Mzee mmoja aliangalia ndani ya kikombe chake kama kuna nzi. Koko alimalizia kumimina, akakiweka kikombe cha mwisho mbele ya mgeni wa mwisho, akasema "karibuni", na ile habari ya deni hakuimalizia. Mpaka leo sijui ilikuwa inaelekea wapi.

Aliniita usiku. Nilitegemea fimbo ya maneno. Badala yake aliniambia nimkande miguu, na wakati nakanda akaanza kunisimulia habari za bibi yake.

Bibi yake huyo alikamatwa akiwa mtoto, upande wa Lomami, akiwa na umri wa kubeba maji kwa kibuyu kidogo. Jina la kijiji chake alilisahau njiani. Lugha ya mama yake alibaki nayo maneno machache, ambayo aliyatumia kuita kuku. Aliletwa Kasongo akawa mtu wa nyumba ya bwana mmoja. "Wakati ule," Koko alisema, "kila mtu barabarani anaulizwa: Wewe mtu wa nani? Na lazima uwe na jibu. Mtu wa fulani. Ukikosa jibu, anayekuuliza ndiye anakuchukua." Alipokuwa mwanamke mzima wakaja Wazungu na vita vyao, bwana akakimbia na hakurudi. Siku moja sokoni mtu akamuuliza swali lilelile. Wewe mtu wa nani?

"Akajibu: mie mungwana."

Koko akanyamaza hapo. Kisha akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Akasema hapana, hujasikia, endelea kukanda.

"Yule ustadhi wako anasema Mwislamu ni aliyejisalimisha. Vizuri. Kwa Mungu mie ni mtumwa, tena mtumwa mbaya, nachelewa alfajiri. Lakini kwa watu mie ni mungwana. Wewe ulitaka nikatae lipi?"

Sikuwa na la kusema. Niliendelea na miguu yake, ambayo ilikuwa mikavu na yenye nyufa kama udongo wa kiangazi. Sikumwomba msamaha usiku ule. Nilimwomba wiki moja baadaye, kwa kumnunulia kilo ya sukari, na alijua ni ya nini.

Mengine niliyajua polepole, kwa kusoma na kuuliza. Pwani, tangu zamani, muungwana alikuwa mtu huru mwenye asili mjini, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Adabu njema ilifuata baadaye, kwa hoja kwamba mtu huru ndiye anayejua adabu. Hoja ya wenye mali, lakini ndivyo maneno yanavyokua. Misafara ilipoingia bara, Stanley, yule mvumbuzi Mzungu, katika maandishi yake ya safari aliwaita Wangwana wale watu aliowachukua Zanzibar. Wengi wa wapagazi wa pwani kwao walikuwa watumwa wa watu, wamekodishwa, sehemu ya ujira wao inabaki kwa bwana. Walipovuka ziwa kutoka Ujiji na kupanda milima ya Umanyema, hakukuwa na wa kuwauliza cheti. Wakajiita waungwana. Na waliokamatwa huko bara, walipopata kanzu, tohara, lugha na sala, nao wakajiita hivyohivyo. Neno la watu wachache wa nyumba za mawe na matumbawe za pwani likawa neno la maelfu ambao hakuna aliyewahi kuwapa uhuru.

Halafu utawala wa Wabelgiji ukaleta jina lake: *arabisé*. Yaani aliyefanywa Mwarabu. Angalia sarufi yake. Ni kitenzi cha kutendwa. Mtu ameketi, mwingine amekuja akamfanya kitu. Karatasi za serikali ziliwaandika hivyo watu wa Kasongo miaka na miaka, na mpaka utotoni mwangu bado kulikuwa na wazee wa ofisi waliolitumia. (Kiswahili sanifu nacho kina "ustaarabu", ambamo Mwarabu amejificha tumboni mwa neno, na kila mtu analitumia bila kumwona.) Katika majina yote tuliyopewa na kujipa, "mungwana" ndilo pekee ambalo bibi wa Koko alilisema kwa mdomo wake mwenyewe alipoulizwa.

Sisahau yule bibi wa rafiki yangu wa Shabunda. Miongoni mwa waliojiita waungwana walikuwapo waliobeba bunduki, na neno lao la pili, baada ya muungwana, lilikuwa "mshenzi", likiwa na maana ya kila mtu mwingine. Leo Bukavu "mushenzi" ni tusi la dereva wa teksi, limekosa makali, lakini lilianzia kwetu. Nikimsimulia mtu habari ya soko la Kasongo, humsimulia na hii. Rafiki yangu huyo, ambaye sasa ana wajukuu, aliwahi kuniambia: "Bibi yako alitoroka ndani ya neno, bibi yangu alitoroka neno lenyewe." Tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. Aliisema kama mtu anayesema mvua inakuja.

Siku hizi watoto wetu hawalisemi sana. Wanasema "muislamu", redio inasema hivyo, na jumuiya yetu inayotambuliwa na serikali ni ya Waislamu, wala isingependeza iwe na jina jingine. Sipigani na hilo. Mwenyewe nikijaza karatasi naandika Mwislamu.

Nafanya kazi mapokezi katika kituo cha afya. Nimeuliza swali la dini maelfu ya mara sasa, nikiwa upande ule mwingine wa meza, na nimejifunza kunyamaza kidogo baada ya kuuliza, maana watu hujibu mambo mengi. "Nilibatizwa." "Mama ni mukatolike." "Nilikuwaka ku Kimbangu, sasa niko nyumbani tu." Kuna mwanamke aliyeniambia "uliza bwana yangu". Kijana tunayefanya naye kazi hukasirika, anataka neno moja la kubonyeza, kwa sababu kompyuta ina orodha ya mistari mitano, na wa tano unasema "Ingine".

Mwezi wa Ramadhani uliopita alikuja mzee mmoja na mjukuu wake, mguu umevimba. Kofia ya kufuma, fimbo, koti lililokuwa zuri zamani. Kijana akauliza jina, umri, mtaa. Akauliza dini.

"Mungwana."

Kijana akageuka kunitazama, tayari anacheka. "Mama, hiyo ni nini tena?"

"Bonyeza mstari wa nne," nikamwambia.

Mzee alinitazama, akatazama kitambaa cha kichwa changu, akauliza wazee wangu ni wa wapi. Nikamwambia Kasongo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa ameshajua, akasema kwamba adhuhuri imekaribia na hajaona maji ya kutawadha. Nikatoka nyuma ya meza, nikampeleka kwenye bomba la uani.